Chuo Kisichokataa Watu: Kindu, Bagamoyo, Atchison

Matokeo ya Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, yakishatoka, Kindu nzima hujua. Walioshinda humwagiwa poda kichwani, huzunguka mitaa ya Kasuku na Mikelenge wakiimba, na ng'ambo ya Lualaba, kule Alunguli, vigelegele husikika hadi usiku. Siku chache baadaye furaha hiyo hugeuka kikao cha familia. Baba anauliza mtoto atasomea nini. Baba mdogo anauliza atafikia kwa nani. Mama anauliza minervali ni kiasi gani, na kama italipwa kwa franka au kwa dola. Ni maswali ya haki, na hakuna mzazi wa Maniema, mkoa wetu, anayeweza kuyakwepa. Lakini lipo moja ambalo halisikiki katika vikao hivyo: huko anakokwenda, watu wanaishi vipi? Nani atamjua kwa jina? Jioni wanafanya nini? Kitu gani huheshimiwa pale, na kitu gani huonekana aibu? Mtoto akijikwaa mwaka wa kwanza, nani atagundua?

Naamini swali hilo lina uzito kuliko jina la kitivo. Vyuo ambavyo havikatai watu vipo vingi duniani, na vimekuwepo tangu zamani katika mapokeo mbalimbali, yakiwemo ya Waislamu wa pwani ambao historia yao imefungamana na yetu. Tofauti kati ya kimoja na kingine ni kile kinachomkuta mtu akishaingia.

Marekani wako wazazi wanaokosa usingizi kwa swali hilo hilo. Nchi ile ina mamia ya vyuo vidogo vya elimu pana, ambako kijana wa miaka 18 hatakiwi kuamua siku ya kwanza kama yeye ni daktari au mwanasheria. Husoma historia, hesabu, biolojia, lugha na falsafa kwa pamoja, na baada ya mwaka mmoja au miwili ndipo huchagua somo la kulizamia. Vichache vinajivunia idadi ya wanaowakataa. Vilivyo vingi hupokea zaidi ya nusu ya wanaoomba, na majina yake hayajulikani nje ya jimbo lake. Mwaka 1996 Loren Pope, aliyewahi kuwa mhariri wa habari za elimu wa gazeti la New York Times, alitoa kitabu kuhusu vyuo 40 vya namna hiyo, Colleges That Change Lives. Hoja yake ni rahisi kuielewa: chuo kinachompokea mwanafunzi wa kati na kumtoa akiwa mtu wa fikra pevu kimefanya kazi kubwa kuliko kile kinachochagua vijana waliokwisha kuiva.

Chukua Earlham, katika mji wa Richmond, jimbo la Indiana, kilichoanzishwa na Waquaker mwaka 1847. Humo mwanafunzi na profesa huitana kwa majina yao ya kwanza, bila cheo, na mambo ya jumuiya huamuliwa kwa kuzungumza hadi kauli moja ipatikane. Mtu wa Kindu akisikia hivyo atashtuka. Kwetu cheo cha profesa husomwa chote kabla ya jina lake, na mwanafunzi anayekiruka huonekana amekosa malezi. Sipendekezi tuwaige Waquaker. Desturi yao inatoka katika imani kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu, kwa hiyo hawaoni sababu ya kumnyanyua mmoja juu ya mwenzake. Heshima yetu kwa mwalimu nayo ina mizizi yake, na ni mizizi mizuri. Ninachokitazama ni kwamba waanzilishi wa chuo kile walijiuliza wanataka watu waishi vipi pale, wakapata jibu, na jibu hilo limeshikiliwa kizazi baada ya kizazi.

Berea, katika Kentucky, ni mfano mkali zaidi. Kilianzishwa mwaka 1855 na John Fee, mhubiri aliyepinga utumwa katika jimbo la watumwa, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kikawaweka weusi na weupe katika darasa moja. Mwaka 1904 bunge la Kentucky lilipitisha sheria ya kuwatenganisha, na chuo kikalazimika kutii hadi 1950. Mpaka leo Berea hakitozi ada ya masomo, huwapokea vijana ambao familia zao hazina uwezo, na kila mwanafunzi bila kubagua hufanya kazi ya chuo angalau saa kumi kwa wiki: jikoni, shambani, maktabani, kwenye karakana ya kufuma. Hakuna anayejua nani maskini kuliko nani, maana wote wanashika ufagio.

Sasa tutazame nyumbani. Mlango wa chuo kikuu cha Kongo ni mpana sana. Mwenye diploma ya Serikali, hata ikiwa ya asilimia 50, ana haki ya kujiandikisha. Vitivo vichache, tiba na uhandisi hasa, huweza kudai mtihani wa kuingia au asilimia ya juu zaidi, lakini kijana anayekataliwa huko atapata nafasi sheria, uchumi, saikolojia au kilimo. Kwa Maniema huu si upana wa kudharauliwa. Majeshi ya Wabelgiji yalipoziangusha Nyangwe na Kasongo mwaka 1893, elimu ya kizungu iliyofuata iliwekwa mikononi mwa misheni za Kikatoliki, na kwa mzazi Mwislamu kumpeleka mtoto shule kulikuwa karibu sawa na kumpeleka ubatizoni. Wengi walibaki nje kwa vizazi viwili. Leo mtoto wa Kasongo, wa Kibombo, wa Punia au wa Lubutu anaweza kufika Kindu, akakuta chuo kikuu cha serikali na taasisi ya ualimu, akaandikwa bila mtu kumwuliza dini wala kabila. Mlango huo umetugharimu.

Kwa nini basi wengi wanaoingia hawatoki na shahada? Mchujo haukuondolewa. Umehamishiwa ndani, na kule ndani unafanywa na mtu asiyemjua anayemchuja. Mwaka wa kwanza auditoire, ukumbi wa masomo, hujaa mpaka madirishani. Profesa mgeni anatua kwa ndege kutoka Kisangani au Lubumbashi, anaimaliza kozi nzima kwa siku chache, asubuhi hadi jioni, kisha anaondoka kabla hajajua hata sura mbili. Silabasi inauzwa, na mwenye uwezo wa kuinunua mapema anasoma mapema. Jioni mwanafunzi anarudi kwa ndugu anakofikia, ambako kuna maji ya kuchota na watoto wa kubembeleza, na hakuna meza. Akianguka katika kikao cha kwanza cha mitihani hungoja cha pili. Akianguka tena, mara nyingi hupotea tu: hakuna barua ya kumfukuza, hakuna mkutano, hakuna aliyekuja nyumbani kuuliza. Mageuzi ya LMD (licence, master, doctorat) yaliyoanza mwaka 2021 yamebadilisha hesabu ya masomo na kuleta krediti, jambo linaloweza kumwokoa aliyefaulu nusu ya kozi zake. Lakini krediti haiwezi kumjua mtu kwa jina.

Pia yapo mambo ya wanafunzi wenyewe. Mwanafunzi mpya katika vyuo vyetu vikuu huitwa bleu, na kuna mila ya kumpokea kwa kumtesa na kumdhalilisha, ambayo wizara imekwisha kuipiga marufuku, na kila mwaka hutafuta njia ya kurudi. Huo pia ni utamaduni wa chuo. Mahali ambapo wakubwa hawakuweka mila yoyote ya kumpokea mgeni, vijana huitunga yao, na vijana wa miaka 20 walioteswa mwaka uliopita wanajua namna moja tu.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 juu ya kilima cha Mont Amba, nje ya Léopoldville, kwa mkono wa chuo kikuu cha Kikatoliki cha Louvain. Elisabethville ikapata chuo kikuu cha serikali mwaka 1956, kisichofungamana na dini. Stanleyville, jirani yetu wa chini ya mto, ikapata cha Waprotestanti mwaka 1963. Watu waliofika huko walikuwa wachache mno. Uhuru ulipowadia mwaka 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakuzidi 30. Hata hivyo tulikuwa na vyuo vitatu vyenye tabia tatu. Mtu angeweza kusema, mwanangu atafaa zaidi kwa mapadri, au kwa wachungaji, au kule ambako dini ni jambo la nyumbani kwako. Wanafunzi waliishi pamoja, walikula pamoja, walitoa magazeti, walibishana.

Na kwa kuwa waliishi pamoja, waliweza kutembea pamoja. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana Kinshasa wakidai hali bora na sauti katika uendeshaji wa chuo. Askari wakawafyatulia risasi, na makumi wakafa. Tayari mwaka mmoja kabla yake Rais Mobutu alikuwa ameufuta umoja wa wanafunzi, UGEC, na kuweka vijana wa chama chake, JMPR, mahali pake. Mwezi Juni 1971 wanafunzi walipowakumbuka wenzao waliouawa, chuo kilifungwa na wao wakaingizwa jeshini. Miezi michache baadaye vyuo vyote vitatu viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, na vitivo vikagawanywa kati ya miji: fasihi huku, tiba kule, ualimu Kisangani. Mwaka 1981 vikatenganishwa tena. Kuta zilirudi. Tabia zile tatu hazikurudi.

Katika kusimulia anguko la elimu ya Kongo huwa tunataja fedha, mishahara, vitabu na vita. Yote ni kweli. Lakini kabla ya hayo, dola iliyaogopa maisha ya chuo na ikayavunja kwa makusudi. Na uamuzi ule haukufutwa hata pale aliyeufanya alipoondoka. Tulibaki na chuo kikuu kama mahali pa kutoa masomo na kupokea mitihani. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alisoma Lovanium, akafundisha Lubumbashi enzi za UNAZA, na alipoondoka nchini akafundisha Haverford, chuo kidogo kilichoanzishwa na Waquaker mwaka 1833. Aliyekuwa mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa bara hili alipata kwenye kichuo cha Pennsylvania nafasi ya kufikiri ambayo nchi yake ilikuwa imeifunga.

Majirani wetu wa mashariki walikumbana na tatizo la namna nyingine: mlango mwembamba. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, kufikia miaka ya 1950 ndiyo ilikuwa njia kuu ya shahada kwa Afrika Mashariki yote, na shahada yenyewe ilikuwa ya London. Maisha yake ya ndani yalikuwa mazito. Mabweni yana fahari yake mpaka leo, na moja linaitwa Lumumba. Lakini wangapi waliingia? Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya, hakungoja Waingereza wapanue mlango. Yeye na rafiki zake Wamarekani walitafuta nafasi za masomo katika vyuo vya kila aina kule Marekani, vingi vikiwa vidogo na vya kidini, vya miji ambayo hakuna Mkenya aliyewahi kuisikia. Mwezi Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walisaidia kuomba michango. Mwaka uliofuata familia ya Kennedy ikatoa fedha. Kufikia 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800.

Wakoloni walisema vyuo hivyo ni hafifu. Kwa kipimo chao walikuwa na sababu, maana vilipokea watu ambao Makerere ilikuwa imewaacha au isingeweza kuwapokea. Katika msafara wa 1960 alikuwemo msichana wa Nyeri mwenye miaka 20, Wangari, aliyetua Atchison, mji mdogo wa Kansas kando ya mto Missouri, katika chuo cha wanawake cha Mount St. Scholastica. Kiliendeshwa na watawa wa Mtakatifu Benedikto, ambao kanuni yao inahesabu kumpokea mgeni miongoni mwa wajibu mkubwa wa nyumba. Alisoma biolojia, na pamoja nayo kemia na Kijerumani. Alihitimu mwaka 1964. Miaka 40 baada ya hapo akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani kwa kazi ya kupanda miti na kusimama mbele ya serikali iliyotaka kuikata. Katika kumbukumbu zake aliandika kwa upendo kuhusu watawa wale na miaka ile. Chuo chenyewe hakipo tena kwa jina hilo. Mwaka 1971 kiliungana na cha wanaume kilichokuwa jirani yake. Nadhani ni watu wachache sana nje ya Kansas wangekitaja kama wangeulizwa vyuo bora vya Marekani.

Hadithi inayonigusa kuliko zote, kama mtu wa Maniema, ilitokea Bagamoyo. Yahya bin Abdallah alizaliwa huku kwetu katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakati misafara ya pembe na ya watumwa ilipopita Nyangwe na Kasongo ya Tippu Tip. Akiwa mtoto alitekwa, akafikishwa pwani, akaingia katika nyumba ya tajiri Mwarabu, Amir bin Sulayman al-Lamki. Watu walimjua kwa jina la Ramiya. Baadaye akawa mtu huru, akafanya biashara, akatafuta elimu ya dini, na akawa khalifa wa tarika ya Qadiriyya ambaye sifa zake zilienea mbali na pwani. Maulidi yake ya kila mwaka yalijaza Bagamoyo wageni. Alipofariki mwaka 1931, Sheikh Ramiya alikuwa miongoni mwa wanazuoni wenye ushawishi mkubwa katika Tanganyika, na mwanawe akaendelea na kazi.

Katika mji ule ule, watu waliojiona wenye asili bora walikuwa wakiamini kwamba elimu ya ndani si ya watoto wa watumwa. Qadiriyya haikushika mpaka huo. Ukija unakaa kwenye duara, unaitikia zikri na wenzako, unafundishwa. Na wakati huo huo, huko Lamu, Habib Saleh, sharifu aliyezaliwa Ngazija, aliweka makazi yake Langoni, mtaa wa watu wa chini, mbali na nyumba za mawe za Mkomani. Aliwafundisha wenye asili ya utumwa, wavuvi na wahamiaji maskini wa Hadhramaut. Mwanzoni mwa karne ya 20 msikiti wake wa Riyadha ulisimama, na chuo pamoja nao. Aliwakubalia hata matari katika Maulidi, na wakubwa wa mji wakachukia. Leo Maulidi ya Riyadha ndiyo yanayoleta watu Lamu kutoka pwani nzima.

Ukiiweka Riyadha kando ya Berea utaona mambo yanayofanana kwa kushangaza. Vyote viwili vilichagua kwa makusudi watu ambao jamii iliwaona hawastahili. Vyote viliwapa kitu cha kufanya pamoja kila siku: huko kazi ya mikono, huku kisomo na matari. Vyote vilipingwa, kimoja kwa sheria ya bunge, kingine kwa masengenyo ya waungwana. Wala havikusema kwamba kwa kuwa tumewapokea wote basi tutafundisha kidogo.

Mwanafunzi wa darsa hakufanya mtihani wa kuingia. Alifika na salamu ya mtu, akakaa. Mwalimu alimwona akila, akiamka alfajiri, akigombana, akisamehe. Ijaza, idhini ya kufundisha, ilipokuja, ilitoka mkononi mwa mtu aliyemjua kwa miaka mingi, na jina la mwalimu lilikuwa na uzito sawa na jina la kitabu. Linganisha na cheti chetu, kilichotiwa saini na watu ambao wangepishana na mwenye cheti barabarani wasimtambue. Udhaifu wa njia ile lazima usemwe pia. Chuo kinachosimama juu ya mtu mmoja hurithiwa na familia. Sheikh akiwa na moyo mdogo, mwanafunzi hana pa kukata rufaa. Wanawake walibaki pembeni kwa sehemu kubwa. Na elimu ya dunia, ya daraja, ya dawa, ya hesabu za kodi, ilitafutwa kwingine.

Tanzania ilijaribu njia ya kati. Kivukoni ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kwa mfano wa Ruskin, chuo cha wafanyakazi cha Oxford. Ilichukua watu wazima kutoka vyama vya wafanyakazi, ushirika na chama cha TANU, ambao hawakuwa na vyeti vya kuwafikisha chuo kikuu, wakaishi pamoja na kusoma uchumi na siasa. Mwaka 1975, kwa msaada wa Waswidi, vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyofikia zaidi ya 50 wilayani, kwa mfano wa vyuo vya bweni vya Skandinavia ambavyo tangu karne ya 19 havina mtihani wa kuingia wala wa kutoka. Kivukoni baadaye ikawa chuo cha itikadi ya chama, na hapo naona kufanana na JMPR yetu, ijapokuwa Tanzania haikumwaga damu ya wanafunzi kama ilivyomwagika Kinshasa. Chama kikishakuwa mwenye nyumba, mazungumzo ya mezani hubadilika.

Kongo nayo ina majaribio yake, na haya ndiyo yanayonipa moyo. Serikali iliporuhusu vyuo vya watu binafsi, makanisa yalirudi kujenga: Wakatoliki Bukavu na Butembo, Waprotestanti Goma na Bukavu. Mwaka 2007 Beni ikapata Université Chrétienne Bilingue du Congo, UCBC, iliyoanzishwa na David Kasali, Mkongo aliyekuwa ameongoza chuo cha theolojia Nairobi. Wanafunzi husoma kwa Kifaransa na Kiingereza, na ratiba yao ina kazi za mikono na huduma kwa jamii, bila kujali mtu ni mtoto wa nani. Hayo yalianzishwa katika eneo ambalo tangu 2014 limeona mauaji ya raia yasiyokwisha. Ni chuo ambacho kimejiuliza lile swali la maisha ya ndani, kikalijibu kwa lugha zake.

Lakini kutoka Kindu, Beni ni mbali kuliko inavyoonekana kwenye ramani. Na tangu Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, na Bukavu mwezi uliofuata, familia za Maniema zilizokuwa zikiwapeleka watoto kwenye vyuo vya Kivu zimelazimika kufikiri upya. Njia zilizobaki ni Kisangani, ambako unashuka Lualaba kwa boti hadi Ubundu, kisha kilomita 125 za reli au za pikipiki kukwepa maporomoko ya Boyoma. Lubumbashi, ambako treni ya SNCC hufika inapofika. Kinshasa kwa aliye na tiketi ya ndege. Au Kindu yenyewe. Kwa vijana wengi wa hapa, kuchagua chuo maana yake ni kuchagua mtu ataishije katika chuo kilichopo.

Kwa hiyo swali linarudi kwetu sisi tunaofundisha na kuishi hapa. Tusiseme kwamba maisha ya chuo ni anasa ya wenye fedha. Earlham ni tajiri kuliko sisi, lakini kuitana kwa jina hakulipiwi. Habib Saleh alianza bila jengo. Jambo la kwanza ambalo Kindu ingeweza kulifanya ni kuligawa auditoire la mwaka wa kwanza katika makundi ya watu 12 au 15, kila moja likawa na msaidizi mmoja anayekutana nalo mara moja kwa wiki, anayejua majina, na anayekwenda nyumbani kwa mtu aliyekosekana mara mbili. Wasaidizi tunao. Wanaishi hapa, hawaji kwa ndege, na wengi wao wanatamani kufundisha kuliko kusahihisha. Jambo la pili ni kumpokea bleu kwa kazi ya pamoja: kusafisha mfereji wa mtaa kabla ya mvua, kupanda michikichi, kuwasomea watoto wa shule ya msingi. Mila ya mateso haitakufa kwa waraka wa wizara. Itakufa pale mgeni atakapokuwa na mahali pengine pa kukaribishwa. La tatu ni taa. Chumba kimoja chenye sola, meza na vitabu, kikifunguliwa hadi saa nne usiku, kitafanya kazi kuliko hotuba nyingi za kufungua mwaka.

Na kwa wazazi, ningeshauri jambo moja kabla ya kulipa. Kama ni Kindu, nendeni kwenye chuo siku ya kawaida ya masomo, saa nane mchana, wakati hakuna sherehe wala wageni. Kama ni Kisangani au Lubumbashi, mwombeni ndugu aende kwa niaba yenu. Mwulizeni mwanafunzi wa mwaka wa pili ni walimu wangapi wanaolijua jina lake. Mwulizeni ni nani katika darasa lake aliacha masomo mwaka jana, na kama kuna mtu wa chuo aliyekwenda kumtafuta.